Ndege Uliyomtumia Imrani

Chiola,
Nachingwea.
26 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Twaha,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na mkeo Shamimu hajambo? Ile homa iliyokulaza mwezi wa Ramadhani imekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote, kutwa anakutaja. Ufuta tumeshakata, matita yamesimamishwa shambani yanakauka. Tunamshukuru Mungu.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu nikifika penye neno zito unasema mtandao unakata. Karatasi haikati.

Mzigo wako ulifika Ijumaa ya wiki iliyopita. Konda wa basi alisema tu kwamba umetoka kwa mjomba, ni wa mwanangu Imrani. Mama aliposikia hivyo hakuufungua. Unajua mwenyewe, kwa ukoo wetu kitu anachotuma mjomba kwa mpwa wake mwaka wa jando ni shuka jeupe, na shuka hilo hufunguliwa mbele ya wazee. Basi akamwita ngariba, Mzee Ramadhani, na wazee wengine watatu. Nikachinja jogoo, nikatandika jamvi. Ukafunguliwa.

Likatoka boksi lenye picha ya ndege.

Twaha, nilitamani ardhi inimeze. Wazee wazima wamenawa mikono, wanatazama kitu cha kuchezea mtoto. Mzee Ramadhani akavaa miwani, akaligeuza boksi huku na huku, kisha akasema, “Tumemwelewa. Mjomba anakuja kwa ndege.” Wenzake wakaitikia. Wakala jogoo wangu, wakapanga siku papo hapo: watoto wanaingia jandoni Jumamosi, tarehe 22 Juni. Mimi sikuwasahihisha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa nikuambie habari za ndege yenyewe, maana najua uliona picha tu dukani. Boksi ni kubwa kama la viatu, lakini nusu yake ni hewa. Ndani mna vifuko vitatu vya vipande vya plastiki vidogo kama punje za mahindi, na kijitabu cha picha kisicho na neno hata moja. Wameona haya kuandika. Tumeiunganisha yote kabla maharage hayajaiva, na yalikuwa maharage mapya.

Bawa la kushoto linakaa mpaka mtu akohoe. Panga la mbele halizunguki usipolipuliza, kwa hiyo anayerusha ndege ni pumzi yako wewe. Rubani anacheka tu, hana magoti, na nyuma yake hakuna kiti hata cha abiria mmoja. Nilimwonyesha Mama. Akauliza, “Sasa Twaha atakaa wapi?”

Rangi za ubavuni ni karatasi za kubandika, siku ya pili zilikuwa zimeng'oka. Kipande cha mkia kilidondokea kwenye ufuta niliouanika uani, nikapepeta ungo mzima kukitafuta kitu ambacho hata kuku alikidonoa akakitema. Magurudumu ndiyo mazuri, yanateleza vizuri sakafuni. Nimeyasifia hayo ili usiseme nina chuki.

Wewe unapakia mizigo ya watu kwenye ndege za kweli kila siku, halafu kwetu unaleta hii. Unasema likizo haipatikani, safari ni ndefu. Jirani yetu Paschal ametoka huko huko unakokaa, Kanda ya Ziwa, akiswaga ng'ombe, na ng'ombe wote wamefika Chiola. Ndama pia. Wewe unayekaa kwenye kiti cha basi ndiye unachoka?

Usiniambie baba yake atasimama. Baba yake yupo, ni mtu mwema, lakini kwetu mtoto anakabidhiwa kwa ngariba na mkono wa mjomba, na mjomba Imrani anaye mmoja tu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Na Imrani si mjinga. Wenzake wanne wanahesabu siku. Yeye juzi alikwenda peke yake kwa Mzee Ramadhani akamwambia kwamba mjomba haji, ndege ile ni ya kuchezea, basi jina lake litolewe, atangoja mwaka mwingine. Hakuniambia, nimeambiwa na mzee mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa, Twaha, amekwenda kukuondolea aibu wewe. Nililia mdogo wangu, sikufichi. Mzee hajalifuta jina. Amesema atasubiri mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na mjomba asipoonekana, wanne watakwenda na Imrani atabaki uani kwangu.

Hasira yangu nimeimaliza hapa. Wewe ndiye mdogo wangu, sina mwingine.

Mama anakusalimu na kukuombea. Shangazi Magreti wa Mnero anakusalimu, na bibi wa Narung'ombe anamuulizia Shamimu. Nilimwuliza Imrani nimwandikie mjomba salamu gani. Akasema nisiandike, atakupa mwenyewe mkononi.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na iwepo njia.

Dada yako akupendaye hata akikufokea,
Hafidha