Kuku Waliolishwa Mubirizi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, hili jambo linaninyima raha. Mimi ni mama wa hapa Nyakatuntu, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya migomba, na tangu masika nakausha majani ya mlonge na ya mubirizi, ule mti mchungu tunaochemsha tukiugua homa, natwanga nachanganya na pumba, na kuku wamenawiri hata mimi nawashangaa, hawaharishi, manyoya yanang'aa, sasa kila nikiwamwagia chakula najiuliza, ule uchungu wote unakwenda wapi, unaishia tumboni mwa kuku au unaingia kwenye nyama? Jirani yetu Gosbert hula kwetu kila sikukuu na anasema hajapata kula nyama tamu hivyo, lakini mume wangu Elpidius, ambaye alikuwa anakula mpaka analamba vidole, tangu siku aliyonikuta natwanga mubirizi anasema nyama ni chungu kama kwinini, na sasa wifi yangu Benadeta anaolewa, mume wangu kaapa wageni hawatakula kuku wangu, atanunua wa kisasa mjini, na ukoo mzima utasema nafuga sumu.

Utaniuliza mimi mwenyewe naonaje. Sijawahi kuonja. Nilipoolewa mama mkwe aliniambia kwenye nyumba hii mwanamke hali kuku, nami namheshimu, napika tu, chumvi nakadiria kwa macho, na yeye hukaa nami jikoni akinielekeza, juzi kaniambia, "Hawa wa majani wapunguzie chumvi mwanangu, nyama yao imekolea yenyewe." Je, nimwamini Gosbert au mume wangu?

Adventina

*

Adventina, marahaba. Pole, ila nitakukaripia kidogo. Unafuga, unatwanga, unapika, halafu unaniandikia mimi niliye mbali nikuambie ladha ya chungu kilicho mbele yako.

Ulimi wa mumeo ulikuwa mzima hadi macho yalipoona kinu. Simwiti mwongo, mtu akishajua kilichomo hukitafuta. Gosbert naye anakula bure, na mla bure hasemi mboga imeharibika. Usimwamini yeyote kati yao.

Kama uchungu wa mubirizi unaingia kwenye nyama, sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba majani ni nyongeza, si chakula. Tia kidogo, kuku apate mahindi na dagaa wake, na akiugua mwite bwana mifugo, usimtwishe mubirizi kazi ya daktari.

Sasa fanya hivi. Chinja kuku wako mmoja, na mwingine wa jirani asiyelisha majani, wawe wa umri mmoja. Wapike vyungu viwili, chumvi ile ile, mwandalie Elpidius bila kumwambia yupi ni yupi. Akimtambua wa kwako kwa uchungu, nunueni wa mjini bila kununa. Akishindwa, Benadeta aagwe kwa kuku wa wifi yake.

Amebaki mama mkwe. Hebu isome tena barua yako. Nyama ya kuku hao imekolea yenyewe, mwanamke asiyekula kuku kajuaje? Usimuumbue, wala mumeo asisikie. Siku ya vyungu viwili rudisha mlango wa jiko, mpe mama kijiko, nawe shika chako. Jibu unalolitafuta kwangu, yeye analo tangu masika.