Baba, Nimechimba Msingi

Nakivale, mwisho wa mwezi wa nane

Baba,

Nimechimba msingi. Nakuambia mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mdogo wako, maana yeye anaona nimekutukana. Nimezunguka nyumba yote kwa mtaro, kina kinapita goti langu, mpaka jembe likagonga ule udongo mgumu usiobonyea. Wewe ndiye uliyenifundisha kuutambua kwa mlio wa jembe. Ulinifundisha kwenye nyumba za watu. Yetu hukuichimbia hata kiasi cha kiganja.

Nina hasira na wewe, Baba. Najua mtu hamwandikii marehemu ili amgombeze, na mchungaji akiiona barua hii ataniambia nikuache upumzike. Lakini ni miaka miwili tangu utuache, na sijapata mtu mwingine wa kugombana naye anayeelewa ujenzi.

Mvua za mwezi wa nne zimeangusha ukuta wa chumba cha Mama. Ilikuwa Jumapili na yeye alikuwa kanisani, Mungu ni mwema. Tuliporudi tulikuta kitanda chake kimefunikwa na matofali ambayo hayakuwa matofali tena, ni uji. Maji yanayodunda chini yalikuwa yameula ukuta miguuni mwaka hadi mwaka, na ile kona ng'ombe wa jirani wanayojikunia ilishabaki nyembamba. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa kila kiangazi, Baba, na ukuta nimejenga vilevile. Na juu ya uchafu wote huo mabati yako yalikuwa yananing'inia yanang'aa, hakuna hata moja lililovuja.

Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele. Kila mkimbizi hapa kambini anajenga hivyo, na nyinyi mafundi mliotoka Kivu ndio mliowafundisha. Unafyeka majani, unapanga matofali mabichi juu ya ardhi tupu, halafu akili yako yote na jasho lako lote vinakwenda kwenye mabati, mlango na fremu za madirisha. Kwa nini? Kwa sababu hivyo vinabebeka. Hata misumari ya paa hamkuipiga mpaka mwisho. Mliiacha vichwa vimechomoza kidogo, ili siku ya kurudi nyumbani ing'oke bila kutoboa bati zaidi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo misumari inavyopigwa duniani kote.

"Siye tuko mu njia." Ndivyo ulivyomjibu kila aliyekuuliza kuhusu msingi. Njia gani hiyo, Baba? Niliingia kwenye njia hiyo nikiwa sijang'oka meno ya utoto. Nimekulia humo, nimeolewa humo, nimezaa wawili humo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumeshika jembe mpaka mipini imeisha mikononi, na bado tunalala kama watu wanaosubiri gari.

Ningekusamehe kama ungekuwa hujui kazi. Lakini yule mzee wa ng'ombe wa Kabingo ulimjengea mawe mpaka usawa wa goti, ukarudi kukagua wiki mbili baadaye bila kuitwa. Nyumba ya mchungaji ulimwambia usipochimba sijengi, tafuta fundi mwingine. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakukanyagia udongo. Mganga hajigangi, sawa, lakini wewe ulizidi. Ulikuwa unarudi jioni, umetoka kumpa mtu baki nyumba ya kuzeekea, unaingia kwenye nyumba ambayo mke wako anaipaka matope chini kila mwaka kwa mikono yake, huku mgongo unamuuma.

Baada ya ukuta kuanguka nilimhamishia Mama jikoni, nikawaacha watoto kwa baba yao, nikaenda Mbarara kubeba zege. Ndiyo, kichwani, pamoja na wanawake wengine. Msimamizi wa pale alikuwa Mnyankole mmoja mwenye maneno mengi. Siku moja wakati wa chakula nikamweleza jinsi tunavyojenga kambini. Akacheka mpaka akaweka sahani chini. Akaniambia, "Wewe mama, nyumba hapana anza na bati. Nyumba naanza chini." Nilikasirika siku nzima. Si kwa sababu alinicheka, ila kwa sababu yale yalikuwa maneno yako. Nilimaliza miezi mitatu, na nilichopata nilikigeuza saruji nikarudi nayo juu ya gari la ndizi.

Kwa hiyo sasa na mimi nina maneno ya kusema juu ya kujenga, na utanisikiliza kwa kuwa huna pa kwenda.

Usinunue bati kwanza. Mtu akishanunua bati anakuwa na haraka ya kuliweka juu ya kitu, na hicho kitu kinakuwa ukuta wa wiki moja. Anza na maji: simama kwenye kiwanja mvua ikinyesha, uloane, uone maji yanapita wapi, halafu uchimbe mfereji wake kabla hujachimba kitu kingine. Majirani walidhani nimechanganyikiwa kwa kusimama mvuani mwezi wa nne, kabla sijaenda Mbarara. Waache wadhani.

Matofali usikaushe juani. Yanapasuka kwa ndani na huoni. Mimi nimechukua udongo wa kichuguu, kama ulivyofanya wewe, nikachanganya na majani yaliyokatwa mafupi, nikaukanyaga mpaka ukagoma kutoka kwenye nyayo. Nikafyatua matofali, nikayafunika kwa nyasi mwezi mzima, nikiyageuza. Hapa watu wanakausha siku nne halafu wanalaumu mvua. Na ukingo wa paa utoke nje ya ukuta urefu wa mkono. Usikate bati ili libaki la kuezekea jiko. Ukikata, ukuta utalowa, na hilo jiko utalijenga tena pamoja na nyumba.

Fundi usimwache peke yake na saruji. Samahani, Baba, lakini hata wewe ulisema hivyo juu ya mafundi wenzako.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: hukuniruhusu nipange tofali hata moja. Nilianza kukanyaga udongo wako nikiwa na miaka minane. Nilichota maji, nilipaka kuta, nilijua kwa kunusa tu kama udongo umeiva. Lakini mwiko wa kujengea ulikuwa wa wanaume. Ulimpa mwiko kila kijana mvivu aliyepita, na mimi ukaniambia mwanamke akipanda ukutani ukuta utapinda. Basi njoo uone. Nimepanga mimi. Haujapinda, isipokuwa mahali pamoja, nitakuambia.

Baba mdogo Zakaria alikuja nilipokuwa nimeshajaza mawe upande wa mbele. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakaomba viti, wakakaa uani mchana kweupe kama watu waliokuja kwenye posa. Alizungumza muda mrefu. Alisema msingi ni neno la mtu aliyekata tamaa. Alisema wewe uliishi na kufa bila kutamka neno hilo, na mimi nakuzika mara ya pili. Halafu akaniinamia, kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Riziki, manjanja ya paa tutabeba. Msingi utaubebea mu nini?"

Wazee wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, na nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema mbele ya watu.

"Kaburi ya Baba mulitia saruji. Yeye haiko mu njia pamoja na siye?"

Unajua kwamba una saruji, Baba? Huenda hujui. Ulipofariki, Zakaria huyuhuyu alizunguka nyumba kwa nyumba wakati wa matanga, akawabembeleza waumini, na kabla ya wiki kwisha ulikuwa umefunikwa vizuri, kona nne zimenyooka, jina lako limechorwa kwa msumari. Tulimshukuru wote. Mimi pia nilimshukuru. Ilinichukua miaka miwili na ukuta mmoja kuona tulichofanya: wewe uliyelala na usiyehitaji kitu tulikupa jiwe, na Mama anayepumua tulimwachia tope. Kwetu sisi mtu anapata ruhusa ya kukaa mahali akishakufa tu.

Nilitegemea Zakaria atapandisha sauti. Aliangalia viatu vyake. Alisema walitia saruji ili wasipoteze fasi yako, mahali ulipolala, siku ya kurudi waje wakuchukue. Aliposema hivyo sauti yake ilikatika, na nikaona kwamba anaamini kabisa, Baba, kwamba kuna siku atakuja na gunia safi kukusanya mifupa yako. Hasira yangu haikuisha, lakini nilishindwa kujua ielekee wapi.

Ndipo Mama alipozungumza. Unamjua, mbele ya wazee wa ukoo wako huwa hafungui mdomo. Alikuwa anachagua maharage pale mlangoni kwa jiko, akasema bila kuinua macho.

"Baba yenu hakungojaka kurudi. Aliogopaka kujengea tena mutu asiyemujua."

Akatueleza. Alisema ile nyumba yenu ya Kivu, kule bondeni, ilikuchukua viangazi vitatu, mawe ya mtoni ukiyabeba mwenyewe, na mlikaa humo muda mfupi kuliko ulioutumia kuijenga. Alisema mwaka wetu wa pili hapa alikuja msafiri mmoja aliyepita kule, ukamuuliza kuhusu nyumba, akakuambia imesimama vizuri kabisa. Kuna bwana anakaa humo. Amepaka mlango rangi ya kijani na anawasifia wageni msingi wake. Mama anasema ulicheka, ukamshukuru yule mtu, ukamsindikiza mpaka barabarani. Halafu hukula siku mbili. Na ni baada ya hapo tu ndipo ulipoanza kusema tuko njiani.

Zakaria alikuwa hajui. Alibaki ameshika magoti yake. Miaka yote hiyo amekuwa akirudia maneno yako kama andiko, kumbe ulikuwa umenuna tu.

Mbona hukutuambia, Baba? Ungesema umeumizwa, tungekuelewa. Ungesema mikono yako imekataa. Badala yake ulitupa tumaini la kurudi, ukatufanya tuishi juu yake, na wewe mwenyewe hukuwa nalo. Nimelia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyolia siku ya kukuzika. Nimelia huku nimekasirika, na ni kulia kubaya, kunaumiza kifua.

Siku tatu baadaye Zakaria alirudi peke yake asubuhi. Hakutaja kikao. Alitoa kwenye mfuko pima maji yako, ile uliyoiita nivo, aliyoichukua ulipokufa, akailaza juu ya mawe yangu, akainama kuiangalia. Akasema kona ya jikoni imelala. Nilimwambia macho yake yamezeeka. Nikaangalia mwenyewe: imelala. Tuliibomoa pamoja, mimi na yeye, tukaipanga upya bila kuongea sana. Ameniachia nivo. Hakusema kama ni ya kuazima.

Sasa kuta zimefika juu ya madirisha, ila ukuta wa kitandani kwa Mama bado uko kiunoni. Nimeacha mawe yapande mpaka goti, na kona ya ng'ombe nimeizungushia saruji, wajikune wanavyotaka. Misumari ya paa nitaipiga mpaka mwisho, na nitaipiga mwenyewe.

Na huyo bwana wa mlango wa kijani nimemfikiria sana. Mwanzoni nilimlaani. Lakini ana watoto labda, na mvua ya kule ikinyesha wanalala pakavu kwa sababu ya mikono yako. Inaweza kutokea kwetu pia, sijui. Kesho tunaweza kuambiwa tuondoke, akaingia humu mtu tusiyemjua, akapaka mlango rangi mbaya kuliko ya kijani. Itaniuma. Lakini sitamlaza Mama kwenye tope leo kwa sababu ya mtu huyo ambaye hata hajafika.

Jana jioni Mama alikuja kuona kazi. Katika nyumba ya zamani hakuwahi kusema kitu kiwekwe wapi. Vitu vyake vilikaa kwenye magunia na kwenye sanduku, tayari. Aliingia chumbani kwake, akasimama pale kitanda kitakapokaa, akagusa ukuta kwa kiganja. Akaomba nimwachie shubaka, kale kapango kadogo ndani ya ukuta wenyewe, ka kuwekea taa na Biblia. Nikamwambia ningeweza kumpigia kibao cha mbao, ni rahisi zaidi, na kinahamishika. Akasema anajua kinahamishika. Akasema hataki kibao, anataka shubaka.

Lala, Baba. Bado nimekukasirikia, na nadhani nitakukasirikia kila mvua ikinyesha, lakini nitakuja mwezi wa tisa kung'oa majani kwenye kaburi lako. Nakuahidi Mama atalala ndani kabla ya mvua ya kwanza. Leo ninapanga matofali ya upande wake, na nimeshapima mahali pa shubaka, pale mkono wake unapofika akiwa amelala.

Binti yako,
Riziki