Paa la Basi la Baba Neema

Shikamoo, mama yangu. Jua la Dodoma ni kali na upepo una vumbi, ila mlenda wa hapa Miyuji ungeupenda.

Kazi iliyonileta ni kufunga umeme wa sola kwenye basi kuukuu. Baba Neema, dereva mstaafu, ameligeuza nyumba ili ahamie na mkewe shambani Kibakwe, ambako nguzo za umeme hazijafika. Mama Neema anajichoma sindano za kisukari, na dawa yake inataka friji.

Nilipanga kufunga paneli juu ya paa. Mzee akakataa katakata. "Basi langu halijawahi kuvuja. Hakuna kutoboa!" Nikamweleza kwamba tukiziweka chini, mbuzi watazivunja. Akanuna.

Mama Neema akamwuliza taratibu, "Sasa Baba Neema, dawa yangu tutaiweka wapi?"

Mzee aliniomba drili, akapanda ngazi, akatoboa tundu la kwanza mwenyewe. Mengine nilitoboa mimi, nikakaza paneli kwa skrubu, nikaziba yote kwa silikoni. Ilipokauka tukalimwagia paa maji. Hata tone halikupita.

Betri nimezipigia hesabu ya friji na taa tu, televisheni itasubiri. Leo Mama Neema alipofungua friji aweke dawa, akakuta soda ya mumewe imetangulia.

"Nilikuwa naijaribu kama inapoza," mzee akasema. Tulicheka mpaka machozi.

Mama, goti lako lipumzishe, maji achote mdogo wangu Juma. Nakukumbuka kila nikila.

Mwanao,
Zawadi