Nyumba Nzima Inasubiri Choo Changu

Alkhamisi, Chukwani. Mvua ilianza alfajiri, saa nne ikakatika. Mawinda ya mtoto yametundikwa baraza nzima na hakuna lililokauka. Mimi nimekaa kitini, sikufunga, na Alkhamisi kwangu ni siku ya kufunga sunna miaka yote. Daktari kanikataza. Nimenuna tangu niamke.

Na choo sijapata tangu juzi.

Msicheke. Nyumba nzima inasubiri choo changu. Mwanangu Nassor kashapiga simu mara mbili kutoka kazini, hasemi anachotaka, anazunguka tu, "Mama umeamkaje, mama umekula nini?" Nikamwambia, "Bado. Fanya kazi za watu."

Nieleze tangu mwanzo, maana nshaficha vya kutosha.

Nlikuja hapa mwezi uliopita kumlea mkwe wangu, Mize, alipojifungua. Kwa desturi mzazi huenda kwa mama yake mpaka arubaini itimie, lakini mama yake yuko Makunduchi, kavunjika mguu, basi kazi ikaniangukia mimi. Na sikuja kwa moyo mkunjufu. Mimi mtoto wa Mji Mkongwe, nlitaka mkwe wa mjini. Nassor kaniletea mtoto wa wakulima wa mwani. Miaka mitatu jina lake mdomoni mwangu lilikuwa "wewe".

Mtoto ana siku tatu, nikamwona anakunja pampasi na kuitupa bila kuitazama. Nikapiga kelele mpaka mtoto akashtuka.

"Wewe! Unatupa barua hujaisoma?"

"Barua gani, mama?"

"Hiyo uliyoikunja! Ilham hajui kusema. Huko ndiko anakosemea."

Nikaifungua, nikamfundisha. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi, kinanata kama lami. Hicho ni heri, tumbo linajisafisha. Baada yake kinaingia ukijani, kisha kinakuwa manjano kama bizari, majimaji kidogo, na mtoto anayenyonya ndivyo anavyotakiwa. Ukiona cheupe kama chokaa usiniulize mimi, mchukue mbio hospitali, huenda ini au nyongo haiko sawa. Ukiona damu, vile vile. Pampasi nikazipiga marufuku, nikachana kanga zangu kuukuu nikakata mawinda. Tangu siku ile Mize hafui winda mpaka alifungue alitazame, kisha anasema, "Mashaallah, manjano."

Skuli niliishia darasa la nne, lakini choo nnakisoma. Wanangu nliwapanga mstari asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Umekwenda? Kigumu, laini? Kama ni cha vidonge vidonge kama cha mbuzi, leo maji mengi na papai. Chenye kamasi na damu, vaa viatu tukapimwe, hakuna cha aibu hapa. Nassor alikuwa akiniona nafungua mdomo mbele ya wenzake anakimbia.

Nliwauliza wote. Mimi hakuna aliyeniuliza, na ole wake ambaye angethubutu.

Sasa nnakiri. Nina magoti mabovu. Mwaka wa pili huu nnanunua vidonge vya maumivu dukani, simwulizi mtu, nnameza asubuhi na jioni. Siku za kufunga nlikuwa nnavimeza wakati wa daku kwa kahawa tupu, kwa sababu saa ile chakula hakinipiti. Magoti yakatulia. Nikajiona daktari.

Nyumbani kwangu mjini choo ni cha zamani, shimo na giza, unamwaga kopo la maji na kwaheri. Hapa kwa mwanangu choo ni cha kukaa, cheupe pe kama sahani. Siku chache baada ya kufika nikageuka, nikaona. Cheusi ti, kinang'aa, kinanata kama halua. Na harufu yake si ya choo cha siku zote, ni ya kitu kilichooza. Nlijua pale pale kwamba hiki si cha heri.

Nikavuta maji.

Nikajiambia ni zambarau.

Wiki mbili nimevuta maji. Nikiinuka kwenye sijda ukuta unazunguka. Nikipanda ngazi tatu za baraza moyo unanienda mbio. Nikamwambia Mize nimechoshwa na kelele za mtoto wake. Ilham hana kelele, maskini.

Ijumaa iliyopita maji yakakatika. Nikatoka chooni kufuata ndoo jikoni, na kwa magoti haya safari ilikuwa ndefu. Nliporudi nikamkuta Mize amesimama humo, kopo la maji mkononi, hamwagi. Anatazama.

"Toka humo! Huna haya? Choo cha mama mkwe wako kinakuhusu nini?"

Hakutoka. "Mama, hivi tangu lini?"

"Zambarau hizo."

"Zambarau umezila wapi? Nyumba hii haijaingia zambarau."

"Nlikula mjini."

"Mjini umeondoka wiki ya nne sasa, mama."

Nikainamisha macho kwenye ndoo. Mimi! Yeye akaweka kopo chini, akaniambia polepole kama anayesema na Ilham, "Cheusi cha mtoto ulinambia ni heri. Cha mtu mzima ni nini? Hicho hukunifundisha."

Nikakaa kitako pale mlangoni. Sikumbuki lini mara ya mwisho nlilia mbele ya mtu.

"Ni damu," nikamwambia. "Ni damu, mwanangu, na mimi naogopa."

Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliniosha miguu, akanivisha buibui, akamfunga mtoto kifuani, akaita teksi. Na mzazi hatoki nje kabla ya arubaini. Mimi mwenyewe nlimkataza hata kusogelea kizingiti. Siku ile alikivuka ananishika mkono, na mimi sikuwa na sauti ya kumrudisha.

Hospitali waliniingiza mpira mwembamba wenye kamera kooni. Nina kidonda tumboni, kilikuwa kinavuja damu, na damu ikishapita tumboni hutoka nyeusi vile. Daktari, mtoto mdogo tu wa kike, aliniuliza kwanza kama nnameza vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hufanya choo cheusi. Sikuwa nnameza. Akaniuliza vya magoti. Nikatazama dirishani. Mize akafungua mkoba wangu, akavitoa.

"Bibi, hivi ndivyo vilivyokuchimba," akasema daktari. "Na kwa nini ulikaa kimya?"

Nlilala siku nne, wakanitia damu, wakanipa dawa. Juzi wakaniruhusu, kwa sharti moja: tazama rangi. Weusi utapungua kidogo kidogo. Ukirudi ule wa kung'aa, au kizunguzungu, nije mbio hata kama ni usiku. Cha mwisho nlichokiona, asubuhi ile ya kutoka, kilikuwa bado cheusi. Tangu hapo kimya. Ndiyo maana nyumba nzima inasubiri.

Nliacha kuandika hapo. Sasa ni baada ya Adhuhuri.

Mize alinipa papai na bakuli la uji, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Kidogo tumbo likaita. Nikaenda. Nikamaliza, nikajisafisha, nikasimama, na shingo ikakataa kugeuka. Mwanamke mzima, nimeukodolea macho mlango. Nliona nikigeuka nikakuta halua, basi.

"Mize!" nikaita. "Njoo unitazamie."

Akaja na Ilham begani. Akainama. Akatazama muda mrefu, jinsi nlivyomfundisha. Hakusema kitu. Akatoka, nikajua ni halua. Nikasahau kwamba chooni hapatajwi Mungu. Alipofika nje ya mlango ndipo nikasikia, kwa sauti ile ile ya mawinda:

"Mashaallah. Kahawia, mama."

"Una hakika? Umetazama vizuri wewe?"

"Kahawia kama udongo wa shamba. Geuka ujionee."

Nikageuka. Kweli. Nikamwambia ampigie Nassor simu aache kunizunguka. Alipokuwa anacheka nikamchukua mtoto, nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Halua sitaki kuiona machoni mwaka huu. Vidonge vya magoti Mize amevitupa, magoti yanauma, nayo yaume.

Arubaini inatimia wiki ijayo, na begi langu la kurudi mjini nlikuwa nshalifunga. Leo nimelifungua. Kesho asubuhi mwanangu Mize ataniuliza nimekwenda au sijakwenda, kigumu au laini, rangi gani.

Nami ntamjibu.