Futi Shingoni Mbele ya Altare

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, goti lako la kulia linaendeleaje? Na mikorosho mwaka huu imetoa maua? Sisi huku wazima wote watatu, mimi, Bosko na mjukuu wako Vero, tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wa duka la ushirika na tumeshaacha kuulalamikia. Sasa kaa chini, Mama. Na wewe Tekla, mdogo wangu unayemsomea, soma polepole na usiruke mstari hata mmoja.

Mama, unayajua maneno unayoniandikia kila barua. Kwamba ukitoka kupokea Komunyo unarudi kwenye benchi, unamwambia Mungu, "Mimi nimepokea, Agata bado." Miaka tisa! Nilikuwa nikifika hapo naikunja barua, naenda kufua nguo ambazo hata chafu si chafu. Mjomba alituoza kimila na kila kitu kikatimia, lakini ndoa ya kanisa hatukufunga, na bila hiyo meza ya Bwana tuliitazama kwa mbali. Kila Jumapili wenzetu wakisimama kwenda mbele, mimi nainama najifanya namfunga Vero kamba za viatu.

Na kizuizi kilikuwa nini? Suti! Mkweo Bosko, fundi anayewashonea maharusi wa Kariakoo pale barazani, alikataa katakata kuingia kanisani bila suti ya mkono wake mwenyewe. "Mimi fundi," alikuwa akisema. "Watu wakinitazama, wanatazama kazi yangu." Kitambaa alikuwa nacho, drili nyeupe, kakifungia sandukuni tangu Vero hajaota meno. Ila leo bitana ya kutia ndani haipatikani madukani, kesho vifungo si vyenyewe, keshokutwa tungoje mchele wa pilau tusije tukachekwa. Vile vyeti vya ubatizo vinavyotakiwa kwa ndoa, ulivyovifuata misheni kwa miguu, na goti hilo hilo, vililala humo humo chini ya kitambaa. Niligomba, nilinuna, safari moja nilimnyima salamu wiki nzima. Wapi!

Aliyetuweza ni Vero. Mwaka huu amefikia Komunyo ya Kwanza. Jioni moja nilikuwa uani nachambua mchicha, naye anakariri sakramenti saba kwa sauti. Alipofika kwenye Ndoa akamgeukia baba yake.

"Baba, siku ile nikipokea, wewe na mama mtakuwa nyuma yangu?"

"Tutakuwepo kanisani, mwanangu."

"Siulizi kanisani. Mwalimu wa dini kasema wazazi wanapokea pamoja na mtoto. Nyie mnasubiri nini?"

Bosko akainuka, akaingia ndani. Utamwambiaje mtoto kwamba unasubiri bitana?

Kesho yake mchana nikampelekea chakula barazani. Nikakuta ile drili juu ya meza, imeshakatwa. Nikapiga ukelele mpaka wateja wakageuka. "Bosko! Suti yako!"

"Suti gani? Hili gauni la Vero," akanijibu, wala hakuinua macho. "Nenda kwa padre, mwambie atangaze ndoa yetu."

Nililia pale pale mbele za watu, Mama, na sikuona haya.

Tukatangazwa kanisani Jumapili tatu. Mtaa mzima ulikuwa unajua sisi ni mtu na mkewe, kwa hiyo habari ilipomfikia Bi Mwajuma mwenye nyumba wetu, alikuja mlangoni kashika kiuno. "Eti kumbe nyie wachumba? Na chumba changu mnalala kimoja miaka yote hii?" Akacheka mpaka akajishikilia ukutani. Halafu akauliza siku yenyewe ni lini, maana chakula atapika yeye na asije mtu kumbishia.

Ijumaa nikaenda kwenye kitubio. Nilijiandaa kufokewa. Nikayamwaga yote, ya miaka tisa, hata ule uongo wa kamba za viatu. Padre akauliza, "Nani alikuwa anakuombea?" Nikasema mama yangu. Akasema, "Basi mwambie amesikilizwa." Nilikuwa nadhani sakramenti ni za watu waliokwisha kunyooka, waliovaa wakapendeza, nasi tungojee zamu yetu tukishapata suti. Nikatoka pale mwepesi, nikajikuta nimeshafika Mnazi Mmoja bila kujua nimepita njia gani.

Jumamosi ndiyo ikawa ndoa. Bosko, kwa ubishi wake, asubuhi alikuwa bado barazani akipunguza pindo la gauni. Akaja mbio. Mwalimu wa dini na mkewe, wasimamizi wetu, walikwisha kuanza kutazamana. Akasimama kando yangu mbele ya altare na shati la kazi, limefuliwa likapigwa pasi, na futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni! Padre akaitazama.

"Fundi, bibi harusi bado hujampima?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Bosko akataka kuivua, nikamshika mkono. "Iache," nikamwambia. Basi nimeolewa hivyo, Mama, na ile suti sikuikumbuka hata kidogo.

Na jana ikawa siku ya Vero. Akaingia na gauni lake, watu wakageuza shingo benchi baada ya benchi, wakinong'onezana, "Kashona nani?" Bosko alisikia kila neno. Kisha Vero akapiga magoti mbele, sisi nyuma yake. Viatu vya mtu sikuvifunga. Bosko alilia waziwazi, na mimi moyoni napiga vigelegele. Tumeshinda, Mama! Nyumbani Bi Mwajuma katungoja na mihogo ya nazi na samaki, na balozi wa nyumba kumi katoa hotuba ambayo hakuombwa.

Nisalimie Mjomba aliyenioza, mwambie kazi yake imekamilishwa. Nisalimie shangazi na wanawe, na mzee katekista aliyenifundisha sala nikiwa mdogo. Tekla, nawe ahsante kwa kusoma.

Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Jumapili ukitoka kupokea, ukirudi kwenye benchi lako, usiyaseme tena maneno yale. Sema, "Nimepokea, na Agata amepokea."

Ni mimi mwanao,
Agata,
mke wa Bosko mbele ya Mungu na watu