Kiingereza cha Mke wa Shemeji

Jumapili, mwanzoni mwa Januari 1997. Manga.

Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na huu si hata wakati wake. Januari hii tungekuwa tunaanika mahindi. Cherehani yangu nimeiacha sokoni Kebirigo, kwa hivyo leo sina pa kumalizia hasira zangu isipokuwa hapa daftarini.

Nina wivu. Nilijaribu kuuita uchovu, baadaye nikauita homa, lakini ni wivu.

Na una jina. Unaitwa Bosibori.

Bosibori ni mke wa shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Walitoka Kisii mjini kuja Krismasi, na mpaka leo wapo, katika nyumba yao ng'ambo ya ua. Hajajaliwa mtoto bado. Mtoto anayemshika mkono kutwa nzima ni wangu, Kwamboka, mwenye miaka sita, ambaye mwezi huu anaanza darasa la kwanza.

Kinachowaunganisha ni Kiingereza.

Sisi tulifundishwa Kiingereza kwa kuimba. Mwalimu alikuwa anamwinua mtoto mmoja, anamtembeza hadi mlangoni, na darasa zima tunaitikia: "He is going to the door. He is touching the door. He is coming back from the door." Mpaka leo naweza kumpeleka mtu mlangoni kwa Kiingereza na kumrudisha salama. Zaidi ya hapo sina njia. Siwezi kumteremsha mtini, wala kumpitisha kando ya shamba, wala kumvusha mto.

Bosibori hakuimba. Baba yake alikuwa karani katika duka la vitambaa la Wahindi pale mjini, na yeye alikua akicheza uani na watoto wa mwenye duka. Ni duka lile lile ninaponunua bitana, ila mimi husimama upande wa wateja. Kiingereza chake amekiokota akikimbia. Sisi husema neno moja tu: panda, shuka, ingia, toka, vuka. Yeye anarusha "go" au "come", halafu anatia kineno kidogo nyuma yake, na mtoto anajua pa kuelekea. "Go round! Go round, not through!" Na Kwamboka anayazunguka mahindi badala ya kuyakanyaga. "Come down from there!" Na Kwamboka anashuka kwenye mpera. Mimi nimemwambia ashuke kwenye mpera huo mwaka mzima.

Juzi nilimwita aje kula. Akanijibu kutoka kwa Bosibori, bila hata kugeuka: "Mum, come over here!" Mum! Mimi nimekuwa Mama tangu siku aliyozaliwa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikwenda.

Sasa wanataka kumchukua. Shemeji amesema Kwamboka akae nao mjini, asome akademi, shule ya kulipia, awe anarudi nyumbani likizo. Baba yake, ambaye ni dereva Nakuru, amekubali kupitia ndugu yake. Neno la mwisho ameniachia mimi, kwa sababu anajua ningelisema hata kama asingeniachia.

Jibu langu lilikuwa hapana. Nimekaa nalo wiki nzima, limefuliwa na kupigwa pasi, nikingoja tu niulizwe.

Leo mchana baba mkwe alichelewa kanisani kwa kikao cha wazee. Mvua ilimnyeshea njia nzima, akaingia langoni mwavuli hana, koti limemgandama mgongoni. Nyumba ya kwanza ukiingia ni yangu. Mimi na Bosibori tulikuwa jikoni kwa mama mkwe, tukipakua ugali, na kutoka pale mlango wangu unaonekana wazi. Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni mwangu.

"Sokoro!" akamwita babu yake, mkono ukipunga vile vile kama wa Bosibori. "Come in! Come in out of the rain!"

Kisha akamshika mkono wa koti na kuanza kumvuta ndani.

Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua ya mawe inyeshe, atasimama nje. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Wangu alilijua mpaka Krismasi. Mama mkwe akabaki na mwiko hewani. Mzee alikuwa amesimama na ncha za viatu karibu kabisa na kizingiti, mtoto anavuta, maji yanamtiririka shingoni.

Mimi nilifurahi.

Naandika kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nilimtazama Bosibori nikasema moyoni, haya, Kiingereza chako kimefika mlangoni, tuone kama kitaingia.

Mzee akacheka. "Mke wangu," alimwambia, maana ndivyo anavyomtania, "unataka watu wa hapa wanifukuze? Hii ni nyumba ya babako. Mimi siingii."

Kwamboka akafikiri kidogo. Akaingia ndani, akatoka akiburuta kigoda changu, akakiweka upenuni, akamkalisha babu yake, halafu akapanda magotini pake. Wakakaa hapo wawili wakitazama matone. Hakuangalia kwangu, wala kwa Bosibori.

Tulipowapelekea chakula, Bosibori alisimama mbali kwa heshima, macho chini. "Tata, baba yetu, unisamehe. Ni mimi nilimfundisha hivyo."

"Umemfundisha kukaribisha mtu," mzee akasema. "Hilo si kosa."

Umeona? Hata akikosea anasifiwa. Mimi nikizidisha chumvi, nasemwa mpaka Pasaka.

Mzee akala matonge machache, halafu akasema bila kumtazama yeyote: "Huyu mtoto afaa aende mjini. Lakini mama yake ndiye atasema."

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo kutoa ile hapana yangu.

"Aende," nikasema.

Usinisifu. Sikukubali kwa wema. Nilikuwa nimemwona Kwamboka akiwa mkubwa, anaongea Kiingereza kumshinda Bosibori, anamsahihisha mbele ya watu, na mimi nimekaa karibu na kikombe changu cha chai nikisikiliza. Kwa ajili ya siku hiyo nimemtoa mtoto wangu. Ndivyo wivu wangu ulivyo, unaweza hata kunitia hasara ili mtu mwingine aumie.

Bosibori alinikumbatia. Ananukia sabuni ya mjini. "Asante sana, Mama Kwamboka. Mimi nitamchunga kama wangu."

"Kama wangu, Bosibori," nikamwambia. "Umchunge kama wangu."

Alinielewa. Niliona.

Baada ya kuosha vyombo nikaanza kupanga nguo za mtoto kitandani, ili nione zipi zinahitaji kushonwa kabla hawajaondoka Jumamosi. Bosibori alikuja kusaidia, akasimama mlangoni. Kwamboka naye alikuwa na furaha, anaingia na kutoka, analeta soksi, analeta kitana. Kisha akaleta kitambaa changu cha kichwa, kile cha bluu cha kwendea kanisani, akakikunja vibaya na kukiweka juu ya magauni yake.

"Hicho ni changu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Sasa huko utavaa nini kanisani?"

Nilimtazama Bosibori. Nilitaka aseme kitu, kwa lugha yoyote ile anayoijua. Aliinamisha kichwa.

Kwamboka alikuwa anangoja jibu. Nilikichukua kitambaa, nikakikunjua, nikakikunja tena vizuri, nikakiweka ndani ya mfuko wake wa safari pamoja na magauni. Akaridhika, akakimbia kumwonyesha babu yake mfuko ulivyojaa.

Nitamwambia kesho kwamba anaenda bila mimi. Kesho, au Jumanne akiwa ameshiba. Lakini nitaanzia wapi, na kitambaa nimekitia mwenyewe?