Picha ya Yaya

Mariamu mjukuu wangu, salaam.

Bahari ya Waingereza ni baridi na samaki wao hawana chumvi. Leo shangazi yako alinipeleka makumbusho kuona picha za Waafrika na Wahindi walioishi mji huu zamani. Mama mmoja mweusi amebeba mtoto wa kizungu. Chini wameandika: yaya, jina halijulikani. Nikamgombeza binti aliyetutembeza: “Amewalelea mtoto na hamkumuuliza jina?” Uso ukamwiva. Nikatoka kifua mbele.

Mlangoni nikakumbuka picha yetu ya sebuleni, yule Mkongomani aliyembeba baba yako mgongoni. Tulimwita yaya tu.

Muulize jirani Mama Hawa, yeye hasahau mtu, uandike jina nyuma ya picha kabla sijarudi. Usiseme mi nimekutuma.

Mungu akutunze, na ule vizuri.

Bibi yako